Mkono wa Kumi na Nne

Nawategea moja kabla hamjakaa vizuri. Kumi na moja wanaumwa tumbo, anayechomwa sindano ni wa kumi na mbili. Nani huyo?

Fikirini, nangoja. Lakini sitangoja sana, maana wiki iliyopita hadithi tuliiacha mlango uko wazi na mtu anapiga kelele.

Umesema daktari? Siye. Umesema mpishi? Siye, ingawa umejaribu. Basi nipeni mji. Mnanipa Liège? Nyinyi wabahili, lakini sawa, Liège yangu nimeichukua, nawajibu: ni kocha. Timu ikiugua, wanaokimbia na kuanguka ni kumi na moja, na sindano inakwenda kwa yule aliyesimama kando ya mstari na mikono mfukoni.

Na kocha wetu ni Lucien.

Kwa aliyechelewa kuingia, nasema haraka. Lucien wa Uvira anafundisha timu ya mpira ya chuo cha Les Peupliers, hapa Anderlecht. Ni timu ya watoto wetu, wanaosomea unesi na umeme. Msimu huu wamecheza mechi nane. Saba wamefungwa, moja wametoka sare, na hiyo sare ni kwa sababu kipa wa wenzao alijifunga mwenyewe.

Mkuu wa michezo wa chuo akawaambia washabiki: nyinyi ndio mnaojaza uwanja, niandikieni, Jumatatu nipate barua, kama mnamtaka Lucien au mnamtaka Aaron, yule kijana mwenye diploma. Mtakachosema tutafuata.

Alhamisi washabiki wakakutana Ixelles, katika mgahawa wa Maman Rolande. Wakabishana mpaka sahani zikapoa. Wakanyosha mikono. Kumi na nne, kocha atoke. Kumi na tatu, kocha abaki.

Aliyehesabu mikono ni Nassoro wa Bujumbura, mwenyekiti wa washabiki. Na huyo Nassoro, Lucien hana rafiki mwingine kama yeye. Walifika Ubelgiji katika baridi ileile, wakalala kitanda kimoja cha ghorofa katika kituo cha wakimbizi, mmoja juu, mmoja chini. Miaka kumi na tisa sasa, hakuna Jumapili inayopita mmoja hajampigia mwenzake.

Nassoro akasema, "Ndugu yangu hataambiwa kwa message. Ataambiwa kwa heshima."

Ndiyo Jumapili, misa imetoka na adhuhuri bado, watu watatu wakapanda mpaka ghorofa ya sita. Nassoro amevaa suti. Maman Rolande amebeba sufuria ya mikeke, samaki wa ziwani kwetu, amefunika kitambaa cheupe. Papa Joël, mwalimu mstaafu, ana barua mfukoni na kofia kichwani.

Wakagonga. Akafungua Cécile, mke wa Lucien. Akaona suti. Akaona kitambaa cheupe. Akaona Papa Joël anavua kofia.

Akapiga ukelele.

"Mama yangu weee! Maman! Maman ya Lucien amekufa!"

Mmeliona kosa, wajukuu zangu? Kwetu kifo hakisemwi kwa simu. Wanachaguliwa watu wazima watatu, wanavaa vizuri, wanabeba chakula kilichofunikwa kwa sababu nyumba hiyo leo haitawasha jiko. Nassoro alitaka heshima, akaibeba yote, akasahau kitu kimoja tu. Mama yake Lucien amelazwa Uvira mwezi mzima.

Mwezi mzima Cécile alikuwa akiogopa watu watatu mlangoni. Sasa wamekuja.

"Hapana, Cécile, nisikilize," Nassoro akasema.

"Usiseme! Usiseme na yeye bado amesimama!"

Lucien akatoka chumbani. Miwani iko juu ya paji la uso, daftari mkononi, alikuwa akipanga mechi ya Jumatano. Akamtazama rafiki yake.

"Ni maman?"

Nassoro akafungua mdomo. Papa Joël akamtangulia. Huyu mzee maisha yake yote hajawahi kukosa neno, na leo pia hakukosa.

"Bon," akasema. "Tuikale kwanza."

Jamani Joël! Maneno yote yaliyopo duniani, akachagua hayo! Nani anayesema tukae kwanza, kama si mtu aliyebeba maiti mdomoni?

Lucien akavua viatu. Akakaa chini, sakafuni, miguu ameinyosha kama mtoto.

Rolande akamfinya Nassoro.

"Sema."

"Sema weye."

"Weye njo président!"

"Nimwambie nini? Kwamba hakuna aliyekufa, tumekuja tu kukufukuza?"

"Mwambie ivyo."

"Mtazame, Rolande. Mtazame alivyokaa."

Wakamtazama.

Na wakati wao wanafinyana, Cécile ameshapiga Uvira mara nane, mtandao hakuna. Mara ya tisa akaacha. Akatuma sauti yake kwenye kundi la washabiki, sauti yenyewe nusu ni kilio. Hilo kundi mnalijua. Goli likifungwa Anderlecht, watu wa Koekelberg wanaanza kutukana kabla mpira haujatoka wavuni.

Hata saa moja haikupita.

Wa kwanza kufika ni Zaituni, anayekaa jengo la pili. Mwanamke wa Buyenzi, anapika katika shule ya msingi, na tangu Alhamisi hasemi na Nassoro kwa sababu yeye alitaka kocha abaki. Leo akampita bila salamu, mikeka miwili kwapani, akaitandaza.

Halafu wakaja wa Koekelberg. Halafu wa Ixelles, wametoka kwenye metro wanakimbia. Kochi likatolewa mpaka kwenye ujia. Televisheni ikageuzwa uso ukutani. Viatu vikajaa mlangoni mpaka vikashuka ngazi vyenyewe. Bibi mmoja Mbelgiji wa ghorofa ya tano akapanda kuuliza hizo kelele ni za nini. Akawekwa kwenye kiti, akapewa chai, akakaa.

Halafu akaingia Ilyas.

Ilyas mnamkumbuka. Fundi wa mabomba, koo la chuma. Jumamosi iliyopita alipaza "Lucien dehors! Lucien atoke!" mpaka refa akasimamisha mpira kumtazama. Leo ameingia na maji ya chupa, pakiti mbili begani. Akazitupa chini, akamwangukia Lucien shingoni.

"Coach! Coach yetu! Pole, papa! Ulitufanyia mambo yote, na siye hatukuona!"

Lucien akampigapiga mgongoni.

"Asante, Ilyas. Na miye nilikuwa nafikiri unanichukia."

Ilyas akalia maradufu.

Nassoro akashindwa kutazama. Akatoka, akashuka ngazi mpaka katikati ya ghorofa ya sita na ya tano, akakaa. Rolande akamfuata. Joël akamfuata. Ilyas akafuata anapangusa pua. Mwishoni akaja Zaituni na birika la chai, kwa sababu Zaituni haachi watu watete bila yeye.

"Mulimuambia saa ngapi?" Ilyas akauliza. "Juu ya barua. Mulimuambia mbele ya habari ya maman, ama kisha?"

"Ilyas," Rolande akasema. "Hakuna mwenye kufa."

"Aje?"

"Hakuna. Ama labda. Hatujue. Siye tulikuja na barua, Cécile akalia, njo ivyo."

Ilyas akatazama mkono wa shati lake, umelowa mpaka kwenye kiwiko.

"Donc nimelia bure?"

"Hukulia bure," Zaituni akasema. "Umezililia dhambi zako za Jumamosi."

"Alors turudilie kura! Miye nabadilisha. Coach abakie!"

"Kura haibadilishwe na machozi," Joël akasema.

"Na Alhamisi ulisema nini, Ilyas?" Zaituni akamuuliza. "Si wewe uliyesema hata chupa ya maji ingekaa kwenye benchi ingefundisha vizuri kuliko yeye?"

"Nilikuwa na hasira! Tulicheza batu kumi, Maman Zaituni! Dix! Beki wetu alikuwa wapi? Ku hôpital, anafanya stage! Kocha gani anatuma beki kufunga bandeji siku ya match?"

"Yule beki ni mtoto wa dada yangu. Angekosa ile stage, yale mazoezi ya unesi, angerudia mwaka mzima. Lucien alimwambia nenda, mpira utakungoja. Au ulitaka abaki akupigie mpira, halafu siku umelazwa aje akutafute mshipa hajui uko wapi?"

Ilyas akautazama mkono wake, upande wa mshipa. Akaufunika kwa kiganja.

Lakini Rolande alikuwa na lake. Na Rolande si mtu mbaya, msimchukie. Mtoto wake wa mwisho anacheza namba saba.

"Miye namupenda Lucien," akasema. "Amekula kwangu miaka yote. Lakini match huit, Zaituni! Batoto banavua jezi ku vestiaire, banalia. Mutoto yangu habebe tena ule sac ya timu ku metro, anauficha ndani ya sachet ya mboga, banamucheka. Uniambie, nimufanyie nini? Aaron iko na diplôme. Iko na tablette, inaonyesha mishale, nani aende wapi."

"Mishale haifungi goli."

"Na Lucien anafunga?"

Ubishi wa mpira unafikaga hapo, kila mtu ana haki yake na goli haliingii.

"Sasa tufanye nini?" Joël akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Tukimuambia leo, tunamuua. Tusipomuambia, kesho ule directeur ya michezo anamuambia."

"Na kama mama yake amekufa kweli?" Nassoro akasema. Ndiyo mara ya kwanza kusema tangu waketi.

Wakatazamana.

Zaituni akaliweka birika kwenye ngazi. Akamgeukia Nassoro, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akamwita jina.

"Nassoro. Nina swali, nimekaa nalo siku tatu. Alhamisi nilikuwa nyuma, kwenye friji. Watu wote walikuwa mbele yangu. Mikono ya kumtoa Lucien niliihesabu mara mbili. Ilikuwa treize, kumi na tatu."

"Hapana. Quatorze."

"Wewe ulisema quatorze. Mimi niliona treize. Huo wa kumi na nne ulikuwa wa nani?"

"Labda hukuona vizuri. Rolande alisimama mbele yako."

"Rolande nilimhesabu. Hata na kijiko mkononi nilimhesabu."

Papa Joël akavaa miwani yake polepole, kama mtu anayetaka kusoma uso.

"Treize kwa treize," akasema, "ni sawa kwa sawa. Na règlement yetu, kanuni ya washabiki, inasema, ikiwa sawa kwa sawa, coach anabakia. Nassoro, ile barua nimeiandika na mukono yangu. Niliandika uongo?"

Nassoro akainuka. Akashika ukuta. Akafungua mdomo wake na...

"Nassoro!" Ni Cécile, juu, mlangoni. "Nassoro, uko wapi? Lucien anakuita!"

Akapanda mbio. Mtu akiokolewa hivyo, hata haulizi anaitiwa nini. Angejua, angebaki kwenye ngazi.

Lucien alikuwa palepale sakafuni. Akamvuta rafiki yake chini, akamkalisha kwenye mkeka, akamwambia sikioni.

"Nimeongea na chef ya dépôt, kule kazini. Ananipatia siku kumi. Naenda kuzika maman."

"Lucien..."

"Ngoja. Mercredi kuko match." Akachukua daftari, akamwekea magotini. "Utasimama weye ku benchi. Mwingine hakuna. Joël atasinzia. Ilyas, leo analia, kesho atanitukana, namujua. Lakini weye, hata batu bote banigeukie, weye hapana."

Nassoro akatazama ukurasa wa Jumatano. Majina kumi na moja. Na pembeni ya kila jina, kwa herufi ndogo: huyu ana mtihani, asichelewe. Huyu baba yake mgonjwa, usimpigie kelele. Huyu kiatu cha kushoto kinambana, hasemi.

"Lucien, kuna kitu lazima nikuambie."

"Usiseme. Ukisema nitalia, na batu banaangalia."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Mimi mwenyewe nimemfikiria huyu mtu mkekani, suti imemkaba, daftari magotini, na sikumpatia njia.

Hapo simu ikalia dirishani.

Cécile akaichukua. Akaona jina. Ushindi, dada yake Lucien, kutoka Uvira. Watu wakaambiana shh. Cécile akaweka sauti kubwa ili nyumba yote isikie habari kamili kutoka kwa wenyewe.

"Ushindi? Tumesikia, dada. Tumesikia."

"Mumesikia nini?"

"Juu ya maman."

"Aah! Nani amewaambia?" Ushindi akacheka. "Miye nilitaka kuwafanyia surprise! Ngoja nimupatie."

Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti ya mwanamke mzee, mdomo umejaa.

"Halo? Lucien? Nimetoka ku hôpital, niko kwangu. Na hawa batu bananinyima chumvi!"

Ghorofa ya sita, Anderlecht, watu arobaini wakaacha kupumua.

"Lucien? Uko? Nasikia batu banalia kwako. Ni kilio ya nani?"

Lucien aliishika simu kwa mikono miwili.

"Sijue, maman."

"Haujue? Unalia kilio na haujue ya nani? Uliza basi!" Akangoja kidogo. "Bon, hata kama sijue jina. Mungu amupokee ule mutu. Amusamehe zambi yake yote. Na bale bamebakia, Mungu abapatie nguvu."

"Amina," wakasema watu arobaini. Na Ilyas akasema kwa nguvu kuliko wote.

Mtandao ukakata.

Furaha iliyotokea hapo! Cécile akarukaruka, akamkumbatia Zaituni, akamkumbatia bibi wa ghorofa ya tano. Watu wakapiga vigelegele na machozi hayajakauka. Mtu akaigeuza televisheni. Lucien alicheka mpaka miwani ikamwanguka.

Halafu Cécile akasimama katikati ya nyumba. Kicheko kikamwisha usoni, kidogo kidogo.

Akaitazama ile sufuria. Akamtazama Joël. Akamtazama Rolande. Akamtazama Nassoro katika suti yake.

"Basi," akasema, "nyinyi watatu mulikuja kufanya nini?"

Lo.

Rolande akatazama vidole vya miguu yake. Joël akatia mkono mfukoni, akautoa, akautia tena.

Lucien akasimama. Naye akaanza kuwatazama waliokuwamo, mmoja mmoja, bila haraka. Hakukuwa na mtu wa kazini kwake. Hakukuwa na jamaa yake. Ukimtoa bibi wa ghorofa ya tano, wote ni wale wanaosimama pamoja Jumamosi, upande ule wa uwanja, nyuma ya benchi lake. Na ndani ya mfuko wa Papa Joël, bahasha imetokeza pembe, ina jina la chuo.

"Maman iko muzima," Lucien akasema. "Cécile iko hapa. Miye niko hapa." Akatikisa kichwa. "Kumbe maiti ni miye."

Hakuna aliyecheka. Yule bibi Mbelgiji, asiyejua Kiswahili hata neno, akamshika mkono akamwambia ajipe moyo: "Courage, monsieur."

"Lete, Papa Joël."

Joël akatoa barua. Lucien akaisoma amesimama na soksi. Akaisoma mpaka mwisho, na sahihi chini, akaikunja kwenye mikunjo yake ileile.

"Quatorze, treize," akasema. "Sawa. Kura ni kura."

"Hapana sawa!" Ni Ilyas, amesimama juu ya pakiti ya maji. "Coach, nimebadilisha! Tupige mupya, sasa hivi! Mwenye anataka coach abakie, anyoshe mukono!"

Mikono ikapanda nyumba nzima. Ya Koekelberg, ya Ixelles, ya watu ambao Alhamisi hata hawakufika kwa Rolande. Hata bibi wa ghorofa ya tano, alipoona wenzake wananyosha, akanyosha. Rolande akanyosha, analia.

Lucien akaitazama ile mikono. Nadhani kwa dakika moja aliitamani.

"Shusheni," akasema.

"Coach!"

"Shusheni, Ilyas. Ile ni mikono ya kilio, siitaki. Mutanipenda mpaka mercredi, goli ya kwanza ikiingia."

Ikashuka mmoja mmoja.

Ndipo Zaituni akaweka birika mezani, kwa kishindo, makusudi.

"Lucien, kabla hujakubali. Kura ya Alhamisi nina shaka nayo. Wa kukutoa niliwahesabu mara mbili, walikuwa treize. Barua inasema quatorze. Muulize aliyehesabu."

Nyumba yote ikamgeukia Nassoro. Alikuwa bado kwenye mkeka. Bado ameshika daftari.

"Règlement," Papa Joël akasema haraka, kama mtu aliyeona mlango. "Ikiwa treize kwa treize, coach anabakia. Barua tunaipasua hapahapa. Miye mwenyewe nitaandika ingine."

Lucien akaja. Akachuchumaa mbele ya rafiki yake mpaka macho yakawa sawa.

"Nassoro. Ilikuwa treize ama quatorze?"

"Lucien, twende nje. Watu wawili."

"Hapana. Hapa."

"Tutaongea kesho."

"Kesho barua iko ku bureau ya directeur. Nisikie vizuri. Ukisema ulikosea kuhesabu, nitakuamini. Hata sitauliza tena. Mercredi nasimama ku benchi. Lakini ukisema quatorze, uniambie ule moja ulikuwa mukono ya nani. Ule moja tu."

Mnaona jinsi ilivyokuwa rahisi? Neno moja. Treize. Ilyas alikuwa akimtikisia kichwa nyuma ya watu: sema, sema. Rolande, aliyetaka kocha atoke, Rolande huyohuyo akamnong'oneza, "Sema treize, Nassoro, tuende kwetu." Hata Zaituni aliyeanzisha, macho yake yalikuwa yanamwomba. Nyumba nzima ilikuwa tayari kusadiki. Na aliyekuwa tayari kuliko wote alikuwa amechuchumaa mbele yake, soksi moja ina tundu, anangoja.

Nassoro akafungua kifungo cha suti.

"Kwenye kituo," akasema, "mlipokuwa mnapiga mpira uani kwenye theluji..."

"Sijakuuliza kituo."

"Najua."

"Nassoro. Mukono ya nani?"

Cécile akaziba mdomo wake kwa mkono. Chini, mbali, tramu ikapiga kengele, ikapita.

Nassoro akafunga daftari. Akaliweka kwenye mkeka, upande wa Lucien. Akainua uso.

"Wangu," akasema. "Niliuhesabu bila kuunyosha. Kila Jumamosi wewe unasimama mbele, Lucien, umetupa mgongo, huyasikii matusi yao. Mimi niko katikati yao. Nilichoka kusikia majina wanayokuita."